Jibu la Salamu

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na binti yetu, nikitumaini barua hii imewakuta wazima na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Mimi mwili hauna neno. Ninakula, ninalala saa sita, na chumba nilichopanga kina dirisha na meza hii ninayoandikia.

Uliniuliza kama nimezoea uraiani. Kwa shajara yangu, leo ni siku ya 340 tangu nivue sare. Kiwanda chetu kinatengeneza magodoro. Wenzangu wananiita Afande, na nikikunja ovaroli langu vizuri wananiuliza kama mkaguzi anakuja. Ni watu wema. Ila hapa kila salamu hujibiwa "safi", na jambo hilo linanitisha.

Kazi yangu ni kusimama kando ya mashine ya kukata sponji. Kisu chake ni kirefu kuliko kitanda. Mabaki yakikwama, fundi huingia chini yake kuyatoa. Akishatoka, mimi natamka "safi", ndipo mwenye swichi, ambaye yuko upande wa pili na hamwoni fundi, anawasha. Siku ya kwanza niliomba tubadili neno, tuseme "washa". Mwenye swichi alicheka akishika tumbo, akasema Afande katuletea amri za kambini, hapa safi ni safi. Tangu hapo aliyenisalimu nilimjibu "nzuri", hata wakasema nina maringo.

Jumanne, tarehe 14, msimamizi alitokea mlangoni na barua yangu ya ajira ya kudumu. Aliipunga hewani, akaniuliza mambo vipi, Afande. Nilifurahi, dada. Nikajibu, safi.

Mashine ikawaka. Fundi alikuwa ndani hadi kiunoni. Kisu kilipita juu ya kichwa chake kikaondoka na kofia. Alitoka kinyumenyume akijipapasa utosi, akauliza nani amemwitia kinyozi. Wakacheka wote, hata msimamizi. Mimi niliinama nikaokota vipande vya kofia.

Sasa soma polepole. Katika barua yako ya mwisho ulisema umechoka kumtetea shemeji. Kwamba mama mkwe wako anarudia kila siku kuwa mwanawe alijiua kwa papara, na sasa hata wewe humwonya binti asiwe na papara kama baba yake.

Shemeji hakuwa na papara. Kule tulikokuwa tukitegua mabomu yaliyofukiwa, mmoja hutangulia na chombo cha kunusa chuma, na wa nyuma husubiri kwenye kamba hadi asikie "safi". Aliyetangulia nilikuwa mimi. Dereva wa gari la maji alifika nyuma yetu, akapaza sauti kunisalimu, mambo vipi. Sikugeuka. Nilimjibu, safi. Shemeji akavuka kamba, kama alivyofundishwa.

Taarifa inasema alivuka bila ruhusa. Niliiandika mimi, kwa mwandiko huu unaoujua. Kisha nikakuletea saa yake ya mkononi, nikakaa kwako siku tatu nikila chakula chako, nikakusikia ukimtetea peke yako, nikanyamaza.

Humu ndani nimeweka ukurasa wa shajara wa siku ile. Niliuandika kabla ya taarifa, na haufanani nayo. Msomee mama mkwe wako. Nakala nimempelekea kamanda kwa posta leo asubuhi, kabla sijaanza kukuandikia, ili nisipate nafasi ya kughairi. Sijui watanifanya nini. Kesho nitamweleza msimamizi kwa nini lile neno libadilike. Fundi ameshaingia chini ya kisu mara nne tangu Jumanne, na bado anatania. Barua ya ajira sijaisaini.

Mwambie binti kwamba baba yake alikuwa mtu wa kusubiri.

Nifikishie heshima zangu kwa mama mkwe wako, akikubali kuzipokea. Na wewe, ukiona vema kunijibu, usinijulie hali. Anza tu na unalotaka kusema.

Ni mimi, mdogo wako.