Hita ya Dizeli na Maji ya Mgeni

Bukoba, 22 Oktoba 2023

Tata mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima, mvua tu ndiyo inatuchosha. Sikio linaendeleaje? Kagaruki anasema sasa hata honi ya gari lake huisikii mpaka ashuke akushike bega. Ndiyo maana naandika, maana simu tunaishia kupigiana kelele mpaka majirani wanadhani tunagombana. Mikungu ya ebitoke aliyoileta imefika, na kahawa ya kutafuna pia. Asante sana.

Nina habari njema. Tumepata kazi ya kuosha madirisha ya hosteli moja kubwa kando ya ziwa, kila wiki mpaka Pasaka. Tukiifanya vizuri, mimi na Mwesiga, mwenzangu wa kazi, tutaacha kuzunguka mjini tukibembeleza duka moja moja. Shida ni senene. Msimu umefika, na jirani wa hosteli ameshasimamisha mabati na taa zake za kuwatega. Wale wanaoyakosa mabati wanajibamiza kwenye vioo vyetu, na mafuta yao ukiyafuta kwa maji ya baridi yanatandaa tu. Kioo kinabaki kama sahani iliyotoka kuliwa chipsi.

Kwa hiyo nataka hita ya kufunga ndani ya Hiace, inayotumia dizeli ileile ya gari, ili maji yatoke kwenye tangi, yapite kwenye hita, yapande mpaka kwenye brashi yakiwa vuguvugu. Kuna zile kubwa za kuoshea magari, lakini zinataka jenereta, na uzito wake utatumaliza springi. Kuna ndogo za volti 12, zinazotumia betri ya gari. Mwesiga yeye anasema tuchemshe maji nyumbani tubebe kwenye madumu. Bado nalinganisha. Nakuambia ili ujue tu. Waitu Tata, naomba usinitafutie hita.

Mwanao,
Jovitha


Nshamba, 27 Oktoba 2023

Mwanangu Jovitha,

Marahaba. Mimi mzima. Sikio la kushoto limestaafu, la kulia linafanya kazi nusu siku. Ng'ombe amezaa dume.

Barua yako nimeirudia, nikidhani miwani imenidanganya. Watu wanafuta kitoweo cha senene kwenye kioo? Mama yako angekaa chini ya hilo dirisha na ndoo.

Lakini ulipoandika "vuguvugu" niliiweka barua chini kabisa. Maji ya vuguvugu anapewa nani? Mgeni akifika kwangu, awe askofu au mwuza mitumba, anaingia bafuni na ndoo inayotoa mvuke, na ya baridi pembeni, achanganye mwenyewe anavyopenda. Ukimpa vuguvugu umemwambia aondoke. Sasa wewe watu wamekupa nyumba yao nzima uioshe, unawapelekea vuguvugu?

Miaka yote ile nimeendesha lori la kahawa, hita nazijua. Nimekwenda Kagoma kwa fundi Mwijage, yule wa malori mabovu. Amenifungulia moja kutoka kwenye lori la Ulaya, chuma kitupu, si hizo za kichina unazozitazama kwenye simu. Anakuletea Kagaruki pamoja na ebitoke. Usihangaike tena.

Tata yako


Bukoba, 31 Oktoba 2023

Tata,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na ndama pia.

Hita imefika, ndani ya gunia, chini ya mikungu miwili, na bomba lake la moshi limepinda. Niliandika nini mwishoni mwa barua yangu? Niliandika usinitafutie. Niliandika kwa mkono huu, kwa Kiswahili cha darasa la kwanza.

Haya, nakueleza tena. Hiyo ni hita ya lori. Lori lina volti 24. Hiace yangu ina betri moja, volti 12. Mwesiga ameiunganisha, ikakohoa kidogo ikanyamaza. Na hata ingewaka, ingewaka kwa nguvu ambayo mimi siihitaji. Maji ya mgeni na maji ya kioo si kitu kimoja, Tata! Kioo huku asubuhi kinakuwa baridi kwa mvua ya usiku. Nataka maji ambayo ukitia mkono hushtuki. Basi.

Najua umefanya kwa upendo. Nisaidie kwa kutonisaidia. Mrudishie Mwijage chuma chake.

Mwanao,
Jovitha


Nshamba, 3 Novemba 2023

Mwanangu,

Marahaba. Huku mvua nzuri, mibuni imechanua.

Betri mbili ukizifuatanisha zinatoa volti 24. Jambo dogo hivyo ndilo la kunigombeza? Mwijage anakuja Jumamosi na betri ya pili na bomba jipya, ataifunga yeye mwenyewe. Nimeshazungumza naye kila kitu. Mpokee vizuri, mpikie, ametoka mbali. Huwezi kumfukuza fundi aliyetumwa na baba yako.

Kuhusu joto, nimekuelewa.

Tata yako


Bukoba, 14 Novemba 2023

Tata,

Shikamoo.

Umeniandikia kwamba umenielewa. Nikaamini. Nikampikia Mwijage samaki, nikamwachia ufunguo wa gari, mimi nikaenda Maruku kwenye msiba wa mwalimu wangu. Niliporudi hita imefungwa, inanguruma vizuri, bomba la moshi limetoka nje chini ya sakafu kama inavyotakiwa. Nikamshukuru. Nikakushukuru na wewe moyoni.

Jana asubuhi tulianza na dirisha la ukumbi wa kulia chakula, lile kubwa linalotazama ziwa. Mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri. Mwesiga akainua brashi, nikafungua maji. Kwanza yalikuja mazuri kabisa, senene wakaachia. Halafu ukatoka mvuke. Halafu kioo kikalia, pa! Mstari ukakimbia kutoka kona ya juu mpaka chini, wageni wako ndani wanakunywa chai. Kabla sijafika kwenye bomba, mpira ukachomoka kwenye kiungio ukamwagia Mwesiga mkononi. Ngozi ya kifundo imebabuka. Daktari anasema atapona, ila hatashika brashi mwezi huu.

Nikampigia Mwijage. Unajua alichoniambia. Kwamba hita ilikuwa na kidude cha kupima joto, kinachozima moto maji yakifikia kiwango. Kwamba wewe ulimwagiza akitoe. Kwamba ulisema, nanukuu, "Binti yangu ana aibu ya kuomba maji ya moto, wewe mwekee yanayochemka, atanishukuru baadaye."

Tata, mimi nina miaka thelathini na minne. Sina aibu ya kuomba maji. Niliomba vuguvugu kwa sababu nilitaka vuguvugu! Ungenichomea mtu wa watu usoni ungesemaje? Kazi niliyoihangaikia tangu Juni imesimama. Mama Joanitha, msimamizi wa hosteli, hakunipigia hata kelele. Amenitazama tu, akasema tuondoe gari, turudi siku nitakapokuwa na hita ambayo naijua mwenyewe. Nimesimama pale nikisema "hita alinichagulia baba" kama mtoto wa chekechea.

Sitaki maelezo. Naomba usinichagulie tena kitu chochote, maisha yangu yote.

Jovitha


Bukoba, 5 Desemba 2023

Tata,

Shikamoo. Sikio halijambo? Ndama ameshaanza kula majani?

Ebitoke vinafika kila wiki, barua hakuna. Wiki iliyopita nimepasua mkungu mzima nikidhani umeificha katikati. Kagaruki anasema u mzima, unakwenda kanisani, unampa mzigo bila neno na kurudi ndani. Sasa ndiyo nini hiyo? Niliyoyaandika niliyaandika nikiwa na hasira, na bado ninayo, na siyafuti. Lakini mimi nimekukataza kunichagulia vitu. Sikukukataza kunisemesha.

Nimenunua hita. Imekuja kwa meli kutoka Mwanza, ndogo, ya volti 12, ina kile kidude na nimekigusa kwa mkono wangu kuhakikisha. Kwa siku kadhaa nimeosha dirisha la jikoni kwangu asubuhi na mapema, huku kipimajoto kimo ndani ya ndoo. Jirani ananiona mgonjwa. Mama Joanitha amekuja kutazama, akatia mkono kwenye maji, akakaa nao humo kama anayepima uji wa mtoto. Akasema tuanze na madirisha ya nyuma, yasiyo na mtu.

Tumeyamaliza bila ufa hata mmoja. Mwesiga alishika mpira kwa mkono mzima, mimi brashi. Anakusalimu. Hana kinyongo, anasema ana kovu la kuonyesha watu.

Nilipomaliza nilitaka kukupigia simu, nikakumbuka hutasikia. Nikakasirika upya, sijui hata kwa nini. Niandikie.

Jovitha


Bukoba, 19 Desemba 2023

Tata,

Shikamoo. Bado kimya? Haya.

Hosteli wameturudishia madirisha yote, na la ukumbi limo, lina kioo kipya. Krismasi nafanya kazi. Ila tarehe 30 nakuja Nshamba na gari, na hita, na brashi. Nitaosha madirisha ya nyumbani. Tangu Mama aondoke hakuna aliyeyagusa, na yeye alikuwa hakubali mwaka uishe kabla hajayafuta kwa gazeti. Ukitaka kuninunia ninunie tukiwa wote uwanjani, nikuone.

Sihitaji utafute chochote. Uwepo tu.

Mwanao,
Jovitha


Nshamba, 23 Desemba 2023

Mwanangu Jovitha,

Marahaba, marahaba, na zile zote ambazo sikuitika. Mimi mzima. Ndama anakula majani na kanzu yangu.

Niliandika barua tatu nikazichana. Kila moja ilianza na Mwijage na volti, nikaona ninajitetea tu. Mkono wa Mwesiga umeninyima usingizi. Nimekwenda kwa wazazi wake Kagoma, nimekaa nao, tumemaliza. Hilo lilikuwa la kufanya, si la kuandika.

Sasa nikuambie la kuandika. Siku tuliyomzika mama yako, jioni ulitoka bafuni unatetemeka. Nyumba imejaa watu, hakuna aliyekumbuka kuchemsha maji, maana aliyekuwa akikumbuka ndiye tuliyetoka kumlaza. Ulioga ya baridi. Nikakuuliza, ukasema hakuna shida, Tata. Meno yako yalikuwa yanagongana. Kesho yake ukaondoka, na mimi nikabaki na hayo meno. Ulipoandika unataka hita nilisikia hilo tu. Ulipoandika vuguvugu nikasema ndiyo huyo, anajibana tena, anasema hakuna shida. Kumbe safari hii ulikuwa unasema unachokitaka.

Njoo tarehe 30. Madirisha ni yako, maji yake pima mwenyewe, mimi nitakaa mbali nisiguse hata bomba. Ila ya kuoga nitayachemsha mimi, kwa kuni, nimeshazipasua.

Sikio langu unalijua, na ukifika nitakuwa nataka kukutazama, si kuulizana mara mbili mbili. Kwa hiyo nijibu kwa Kagaruki kabla hujaja. Nikuwekee ya moto, au vuguvugu?

Tata yako