Machicha Kwenye Kona

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Constantin, mume wangu,

Leo tena. Kanga wawili wamekufa kwenye kona ya barabara ya Mulungwishi, palepale lori lilipokuua ukiwa na baiskeli yako ya makaa. Juzi alikuwa nguchiro. Kwa nini hapo tu? Pori liko mbali, ng'ambo ya reli. Dereva aliyekugonga aliapa kwamba alikuwa anakwepa paa. Sikumwamini — paa atafute nini kwenye lami?

Kanga wote wawili kachukua jirani yetu Mado, mwenye kiwanja cha konani. Ndiyo kawaida ya hapa: nyama iliyogongwa ni ya mwenye kiwanja, na dereva akirudi hupewa paja.

Jumatano, 3 Agosti

Nimepita konani na jembe. Chini ya majani makavu — machicha ya mahindi! Mado anapika lutuku, pombe kali ya mahindi, na machicha anayamwaga kando ya lami. Wanyama wanakuja kula. Lakini shimo la taka analo nyuma ya nyumba. Nimechungulia. Tupu.

Nikamwuliza. Akacheka, mikono kiunoni.

— Mama Princesse! Weye sasa njo polisi ya bakanga?

— Mwaga kwa shimo, Mado. Batoto banapita pale.

— Shimo iko mbali. Na miye njo naita banyama bavuke? Voilà!

Hakunitazama machoni.

Ijumaa, 5 Agosti

Nimezoa machicha yote, nikayafukia. Nikafyeka na majani, madereva waone mbali. Binti yetu Princesse alibeba kikapu akipiga mluzi, ule wako wa wakati wa kunyoa ndevu.

Jumamosi, 6 Agosti

Hakuna kilichokufa!

Jumapili, 7 Agosti

Tumetoka misa. Konani machicha mapya, bado yanatoa mvuke. Si kando tena — katikati ya lami.

Nimekumbuka matanga yako. Mado alileta sufuria kubwa: kuleni, bandugu, kilio inaomba nguvu. Tulimbariki. Miezi mingi kiwanda cha mji kilikuwa hakijalipa mtu mshahara, nani angeuliza ni nyama gani? Sote tulikula. Na mimi.

Nyama ile ilikuwa ya paa yule wa dereva, aliyefuata machicha, Constantin?

Mado yuko mlangoni sasa hivi. Hodi, mama Princesse, nakuletea mboga ya nyama, tusikasirikiane! Mtoto ameshapanga sahani tatu. Nikila, nimekubali kunyamaza. Nisipokula, atajua kwamba ninajua. Na machicha bado yako kwenye lami, na lori linapanda kutoka mtaa wa Panda, nalisikia —

Unikumbuke huko uliko.