Viti Vinavyozunguka

Garissa, Alhamisi

Dada Qabale,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, ila joto la huku unalijua. Gereji natengeneza van ya wakubwa wa kampuni: friji ndogo, mapazia, viti vya ngozi vinavyozunguka ili watazamane wakiongea.

Leo nilizungusha kimoja kwa kidole, nikaketi chini. Uliponiuliza maneno ya mwisho ya Mama, nilikwambia alilala tu. Hakulala. Nikimkimbiza hospitali huku Garissa kutoka Habaswein, aliniomba nimgeuze aelekee kibla. Kibla ilikuwa nyuma yetu, na viti vya gari lile vimefungwa kwa bolti. Ningeweza kusimamisha gari nimshushe. Nikamwambia, "Vumilia Mama, tunafika."

Wenye van wanaichukua kesho. Viti vyote nimeviacha vimeelekea kibla.

Ndugu yako,
Guracha