Dawa Isiyopita Tumboni

Mama yangu uliyelala Mtopanga,

Imepita. Naanzia mwisho maana hukuwa na subira na hadithi ndefu. Dawa imepita kwenye ngozi.

Unazikumbuka asubuhi zetu? Miaka uliyosimama ukichambua chai kwenye godauni la Changamwe ilikula magoti yako, na vidonge vya maumivu vikaja kula tumbo. Ukimeza, unatembea lakini chakula hakishuki. Usipomeza, unakula lakini hutembei. Ulikuwa ukiketi kitandani na kidonge kiganjani, ukiniuliza, "Leo niende kazini ama nile wali? Nichagulie wewe." Tulicheka, lakini mimi nilikuwa nacheka kwa mdomo tu.

Jioni nilikukanda kwa mafuta ya karafuu. Ulipenda harufu yake, ila ulilalamika kuwa yanaishia juu juu. Ulisema kweli. Chuoni nimeyachanganya na maji, dawa ileile ya vidonge vyako na kiungo cha kuvishikanisha, nikakoroga hadi matone yakawa madogo yasiyoonekana kwa jicho, na mchanganyiko ukawa mwangavu kama maji ya kunywa.

Wengine huijaribu dawa kama hii kwenye ngozi ya sikio la nguruwe. Kwa hilo ungenifukuza nyumbani. Nikaenda kwa muuza nyama wa Kisauni kuomba ngozi ya mbuzi, naye kwa wema wake akaibabua motoni, kama ya supu. Dawa ikapita kwa dakika chache, nikapiga vigelegele maabara nzima. Mwalimu wangu akaigeuza ngozi, akanionyesha moto ulipoitoboa. "Binti, umepitisha dawa kwenye tundu." Wallahi, nilitamani uwepo unicheke.

Nikarudi kwa yule bwana. "Hii siendi kula," nikamwambia. "Ninyolee kwa wembe, moto usiikaribie." Akanyoa huku akinitazama kwa huruma. Safari hii dawa ilipita polepole, saa baada ya saa, na tuliporudia mara ya pili na ya tatu ikapita vilevile.

Bado haijapakwa mtu. Hatua ziko nyingi. Lakini jana nilisimama mbele ya wakubwa wa chuo, na mzee mmoja akaniuliza mbona najisumbua na ngozi ilhali vidonge vimejaa madukani. Nikamjibu kuwa wako watu ambao vidonge hivyo vinawachoma tumbo.

Akavua miwani. "Ninaye mmoja nyumbani," akasema. "Itakuwa tayari lini?"

Basi niwie radhi, mama, barua naikata hapa. Narudi kazini. Mola akulaze pema.

Binti yako