Mkuku wa Russ haukatwi

Shoga, nimecheka mpaka mbavu zinauma. Tumekwama mchangani, katikati ya Ghuba ya Moreton, klabu yetu nzima ya boti inatuona.

Asubuhi tu nimemwambia mume wangu tuufupishe huo mkuku mrefu unaoshuka chini ya boti, tuweze kupita penye maji machache. Russ akawaka: "Mkuku alioupachika baba yangu? Haukatwi. Boti itapinduka."

Haya. Maji yakapwa, boti ikalala ubavu. Glenys wa klabuni huyo, anapita na boti yake yenye mkuku mfupi: "Russ, kwema?"

Unajua alijibu nini? "Kwema. Nimeegesha makusudi, nasugua tumbo la boti."

Makusudi, shoga. Akashuka na brashi, maji yakimfika magotini. Akasugua kweli, wanaklabu wanampigia makofi.

Glenys alipotokomea, akaniita kwa sauti ya chini: "Nirushie kalamu. Nichore pa kukata."