Koti la Kwenda Chuoni

Jumamosi usiku

Kumbe Dar hakuna baridi. Nimetoka Makete kwenye baridi, nikaja kubeba zege Arusha kwenye baridi, ningejuaje? Binti yangu Tumaini anaondoka kesho kwenda huko kuanza chuo kikuu, nami nikamnunulia koti zito la mtumba.

Leo kazini Omari wa Tanga amelicheka sana. "Baba Tumaini, mtoto anakwenda kusoma au kupanda Mlima Meru? Huko shida ni mbu!"

Mchana akaenda kwake, akaniletea chandarua cha kitanda chake mwenyewe. Eti mbu wa huku wanamwogopa.

Niliishia darasa la nne. Hayo masomo ya Tumaini siwezi hata kuyataja, na nikiwaza atakavyokuwa peke yake kule...

Nilimpa Omari koti, akakataa. Basi nimembebea makarai yake ya zege mpaka jioni.