Bizimu Nililofukia Ili Baba Alipate

Mpendwa Shangazi Enid,

Naomba uniokoe kabla ya Alhamisi ya mwisho wa mwezi, maana nimemfanyia baba yangu jambo ambalo nilidhani ni la upendo na sasa linanikosesha raha. Baba ana miaka sabini na tisa, tangu astaafu kazi ya reli yuko na mashine yake ya kugundua vyuma katika mashamba ya hapa Lincolnshire, mwaka wa kumi na tisa huu, mvua na upepo, na chupa yake ya chai na mkate wa jibini, na muda wote huo hajaokota cha maana ila vifungo, misumari na vizibo vya chupa za bia, mpaka wenzake wa klabu wanamwita Wilf wa Vizibo, na huyo Trevor, mwenye sarafu mbili za kale na domo la watu kumi, kila wakikutana baa humuuliza, "Vipi Wilf, leo umechimbua bia gani?" Baba hucheka, lakini mimi ni mwanawe, naona.

Sasa daktari amemwambia magoti yamechoka, huu uwe msimu wa mwisho, nami nikaingia mtandaoni nikanunua bizimu la Warumi, ile pini ya kubania vazi begani, la shaba, umbo la sungura anayekimbia, ubavuni limejazwa rangi ya kioo nyekundu na buluu, muuzaji akasema limetoka nchi za mto Danube. Jumapili asubuhi nikatangulia kwa Bwana Ogden, mkulima anayemruhusu baba atafute kwake, nikalifukia kina cha kiganja, nikashindilia kwa buti, baba alipofika nikamwambia, "Hebu jaribu kule karibu na ua wa miti." Mashine ikalia. Akapiga magoti, akachimba, akalitoa, kisha akachukua udongo wa shimoni akaupekecha vidoleni polepole, nikajua ni furaha imemzidi, halafu akanitazama akasema, "Zuri sana, mwanangu," akanikumbatia, jambo ambalo hajalifanya tangu mama afariki.

Kwa kiherehere changu nikampigia Trevor palepale, naye akaitangazia klabu nzima. Basi Alhamisi hiyo ofisa wa kusajili vitu vya kale anakuja klabuni kuliandikisha, na kila mtu atakuwepo. Baba anasema tu, "Tutaona." Furaha imemchanganya kiasi kwamba hata lile daftari lake, ambamo huandika kila kizibo na hatua alizopiga kutoka langoni, Jumapili ile kaandika tarehe na shamba, halafu mahali pa kitu alichopata pako wazi. Je, ninyamaze abaki na furaha yake, au niseme nimvunje moyo?

Heather

Heather mwanangu,

Majina nimeyabadilisha, lakini baba yako akilishika gazeti hili atajijua mara moja, ndiyo maana jibu nimekutumia kwa posta siku nne kabla gazeti halijatoka. Usiliweke juu ya friji. Soma sasa.

Moyo wako mzuri, sikatai. Kumwona mzee anachekwa baa kila wiki kunauma, na ningekuwa karibu Trevor angenisikia. Lakini umefanya upuuzi, tena upuuzi mkubwa. Sungura wa Danube akiandikishwa kuwa ametoka shambani kwa Bwana Ogden, wataalamu watatia alama kwenye ramani, na kesho mtu atawafundisha watoto habari za Warumi waliopita kwenye ule ua, kumbe aliyepita ni wewe na buti zako.

Sasa nikuambie usichokiona. Niliolewa na mtu wa mashine kama hiyo kwa miaka thelathini na moja. Ardhi iliyotulia huishika pini ya zamani kwa nguvu, inabidi uibembeleze itoke. Ardhi iliyofukuliwa asubuhi humeguka kama makombo ya keki. Baba yako ameyachimba mashamba hayo kwa miaka kumi na tisa, halafu unadhani aliupekecha ule udongo kwa furaha? Alikuwa anausoma. Alijua kabla hajasimama. Akakukumbatia hivyo hivyo, na hapo ndipo mimi nilipolia.

Kwa hiyo usiulize kama utamvunja moyo. Jiulize Alhamisi atafanya nini. Ofisa akimuuliza alilipata wapi, atamtaja binti yake mbele ya Trevor, au atakuficha kwa kusema uongo wake wa kwanza tangu aanze. Nawajua wazee wa aina yake, atakuficha. Jina lake safi litaondoka ili lako libaki.

Jumamosi asubuhi nenda kwake na risiti. Mwambie lote, usijitetee, wala usilie mpaka umalize. Mpigie Trevor mwenyewe useme umenunua, akicheka acheke, huyo umemwalika wewe. Ofisa naye mpigie kabla hajafunga safari. Kisha mshike baba mkono, mrudi kwa Bwana Ogden, safari hii wewe ubebe jembe na yeye asikilize mashine, hata kama mtarudi na kizibo.

Na lile daftari. Mtu anayeandika vizibo hasahau sungura wa Warumi. Ule mstari amekuachia wewe. Mpe kalamu, umwambie aandike: bizimu, zawadi kutoka kwa binti yangu.

Shangazi Enid